Hodi kwenye viwanda vya sake: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mlango wa kiwanda cha sake nchini Japani, ukiwa na tufe kubwa la majani ya mwerezi lililotundikwa juu yake, pamoja na maelezo ya mistari miwili tu: kwamba tufe hilo hutundikwa likiwa kijani kibichi wakati pombe mpya inapokamuliwa, na kwamba linapogeuka kahawia wapita njia hujua kuwa pombe iliyomo ndani nayo imekomaa. Hatukutarajia kwamba picha moja ingetuletea barua nyingi kiasi hiki. Tumechagua sita, na baadhi yake tumezifupisha.

Mhariri, shikamoo. Mjomba wangu aliwahi kuwa baharia na kufika Kobe, na hushikilia kwamba sake ni pombe kali ya kutoneshwa kwa mvuke. Mimi nimesoma mahali kwamba ni mvinyo wa mchele. Nani kati yetu anasema kweli?

Marahaba. Mjomba wako ana sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa Wajapani wanayo pia pombe ya kutoneshwa iitwayo shochu, na huenda ndiyo aliyoandaliwa siku ile bandarini. Lakini sake siyo hiyo. Hata jina lenyewe linachanganya. Katika Kijapani neno sake lina maana pana kama neno letu pombe, kwa hiyo anayetaka kinywaji hiki mahususi husema nihonshu, yaani pombe ya Japani.

Nawe uliyesoma kuhusu mvinyo hujapata jibu kamili. Zabibu tayari ina sukari ndani yake, na hamira ikiipata sukari hiyo kazi imekwisha anza, ilhali punje ya mchele ina wanga, ambao hamira haiwezi kuula. Wapikaji wengi wa pombe za nafaka hulivuka tatizo hili kwa kimea, yaani huotesha nafaka kwanza. Mchele wa sake hauwezi kuoteshwa kwa sababu umeshakobolewa, tena umekobolewa sana: ili sake iitwe ginjo, kila punje lazima ibakie na asilimia 60 au pungufu ya uzito wake wa awali, na kwa daraja la daiginjo asilimia 50 au pungufu, maana yake nusu ya punje imegeuka unga na kuondolewa. Badala ya kimea hutumika kuvu ya koji. Mchele uliopikwa kwa mvuke alfajiri hutandazwa kwenye chumba chenye joto la zaidi ya nyuzi 30, mbegu za kuvu hunyunyiziwa juu yake zikiwa laini kama vumbi, na kwa muda wa takriban siku mbili wafanyakazi huingia na kutoka, hata usiku wa manane, wakiupindua mchele kwa mikono na kuyavunja mabonge. Ukiwa tayari, kila punje huwa imevaa manyoya meupe na chumba kizima hunukia kama njugu za kuchoma.

Kisha mchele huo hutiwa pipani pamoja na maji, hamira na mchele mwingine wa mvuke, kwa awamu tatu. Humo kuvu hugeuza wanga kuwa sukari, na wakati uleule hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Ni kwa sababu ya kazi hizo mbili kwenda sambamba ndani ya pipa moja kwamba sake hufikia kileo cha asilimia 18 hadi 20 bila kutoneshwa, ingawa kwa kawaida huongezewa maji hadi asilimia 15 au 16 kabla ya kutiwa chupani.

Nilisikia kwamba UNESCO imeitambua sake. Je, hiyo inawapa Wajapani fedha au ulinzi wa soko?

Hapana. Kilichoorodheshwa mwezi Desemba 2024, katika mkutano uliofanyika Asunción, Paraguay, ni ujuzi na ufundi wa kutengeneza pombe kwa kuvu ya koji, ambao unahusu sake, shochu, awamori ya Okinawa na hata mirin ya kupikia. Kilichotambuliwa ni mikono ya watu, wala si chupa wala kampuni. Ulinzi wa jina ni jambo jingine, nalo liko chini ya sheria za Japani kwenyewe: tangu mwaka 2015 jina nihonshu limesajiliwa kama alama ya kijiografia, hivyo sake iliyopikwa nje ya Japani, au kwa mchele usiolimwa Japani, haiwezi kuuzwa nchini humo kwa jina hilo. Faida ya UNESCO ni kwamba inampa mgeni sababu ya kuuliza swali, na mwenyeji sababu ya kufungua mlango.

Ninasomea utalii. Mwalimu wetu alitueleza kuwa unywaji wa sake nchini Japani umekuwa ukishuka kwa miaka mingi, lakini mauzo ya nje yanapanda. Inawezekanaje wageni kukipenda kinywaji ambacho wenyewe wanakiacha, na utalii wa viwandani unaingia wapi hapo?

Mwalimu wako yuko sahihi. Unywaji wa sake ulifika kileleni mwaka 1973, na leo umebaki chini ya theluthi moja ya kiwango hicho, kwa kuwa bia, mvinyo na vinywaji vingine vilichukua nafasi, na vijana wengi wa Japani huihesabu sake kuwa kinywaji cha baba zao. Kwa upande mwingine, mauzo ya nje yalifikia takriban yeni bilioni 47.5 mwaka 2022, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kabla ya hapo, na ingawa yameteremka kidogo baadaye, Marekani na China bado hununua kwa wingi. Hali hii imeifanya serikali ilegeze hata sheria ya leseni: kwa miongo mingi ilikuwa karibu haiwezekani kupata kibali kipya cha kupika sake, lakini tangu mwaka 2021 anayetaka kupika kwa ajili ya kuuza nje pekee anaweza kukiomba.

Sasa, utalii unaingia wapi? Nitakupeleka mahali pamoja badala ya kukutajia kumi. Katika mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, kuna mji mdogo wa Kashima, na ndani yake mtaa wa Hizen Hamashuku, wenye maghala ya kale ya kuta nyeupe za chokaa yaliyopangana kando ya barabara nyembamba. Mwaka 2011 kiwanda kidogo cha Fukuchiyo kilipeleka daiginjo yake, iitwayo Nabeshima, kwenye mashindano ya International Wine Challenge huko London, ambayo yalikuwa yameanzisha kitengo cha sake mwaka 2007, nayo ikashinda tuzo ya juu kabisa. Wanunuzi walianza kuutafuta mji ambao hawakuwahi kuusikia.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko tuzo yenyewe. Mshindi angeweza kufunga mlango, kupandisha bei na kuwaacha majirani wake wakitazama, lakini viwanda vya eneo hilo, ambavyo ni washindani, viliungana na mji na kuanza kuwapokea wageni kwa pamoja, na mwaka 2012 vikafungua milango siku moja ili watu wazunguke kutoka kiwanda hadi kiwanda wakiwa na kikombe mkononi. Sherehe hiyo hufanyika majira ya kuchipua. Siku hizi hata kwenye stesheni ya Hizen-Hama pana baa kando ya reli, na kiwanda cha Fukuchiyo kina nyumba ya wageni inayopokea kundi moja tu kwa siku. Mgeni aliyelala humo, akala samaki wa bahari ya Ariake na kuamshwa na baridi ya alfajiri, akirudi kwao hasemi tena kwamba alikunywa sake. Husema alikuwa Kashima. Tangazo la gazetini haliwezi kununua tofauti hiyo.

Uliandika pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kwamba mabadilishano ya utamaduni ni maneno ya hotuba tu. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo upo mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, ambao huwapeleka vijana wa nchi nyingi Japani, wengi wao wakiwa walimu wasaidizi wa lugha katika shule, tena shule za vijijini mara nyingi. Mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya pombe. Lakini mwaka 1988 ulimleta Mwingereza Philip Harper, ambaye baada ya kumaliza ualimu aliingia kiwandani kama kibarua wa majira ya baridi, akajifunza kwa kubeba mchele na kuosha mapipa, na mwaka 2001 akafaulu mtihani wa toji, yaani mkuu wa wapikaji, chini ya chama cha Nanbu, mojawapo ya vyama vikongwe vya mafundi hao. Tangu mwaka 2007 amekuwa toji wa kiwanda cha Kinoshita huko Kyotango, kaskazini mwa mkoa wa Kyoto. Mmarekani John Gauntner naye alifika kwa mpango huohuo, na vitabu na mafunzo yake yamewafundisha wauzaji na wahudumu wa mikahawa wa nchi nyingi namna ya kuieleza sake kwa Kiingereza. Hakuna wizara iliyopanga hayo. Wajapani waliwaalika watu wakae, na kukaa kukazaa matunda.

Safari hii ina upande wa pili. Kampuni ya Yamaguchi iliyokuwa ikiitwa Asahi Shuzo, inayopika sake iitwayo Dassai, ilifungua kiwanda Hyde Park, jimbo la New York, mwaka 2023, na kuanza kutumia mchele wa aina ya Yamada Nishiki uliolimwa Arkansas. Wapo wanaohofu kwamba kwa njia hiyo Japani inajinyang'anya soko. Mimi naona kinyume: mnywaji aliyezoea ya kwao hupata hamu ya kuona ya asili ilikopikwa.

Nilitembelea kiwanda kimoja kikubwa nikitarajia kuona pombe ikipikwa. Nilioneshwa filamu ya dakika chache, nikapita mbele ya sanamu za wafanyakazi, kisha nikajikuta dukani. Nilihisi nimedanganywa. Ni kawaida?

Ni kawaida zaidi kuliko vipeperushi vinavyokiri, na pole kwa hilo. Hata hivyo naomba uwatazame pia wenyeji. Chumba cha koji ni kama chumba cha mtoto mchanga: bakteria wageni wakiingia, mchele wa siku mbili unaweza kuharibika, na kadiri watu wanavyoingia wengi ndivyo hatari inavyokua. Isitoshe, sake nyingi hupikwa kuanzia vuli hadi mwanzo wa majira ya kuchipua, saa za kazi nzito zikiwa alfajiri, na kiwanda kidogo huweza kuwa na watu watano au sita tu. Anayemtembeza mgeni ameacha pipa.

Kwa hiyo ni heri kujua mapema unakwenda kuona nini. Makumbusho makubwa ya Nada, kati ya Kobe na Nishinomiya, na ya Fushimi, kusini mwa Kyoto, ni mazuri kwa historia: utaona mapipa ya mwerezi marefu kuliko mtu, ngazi, kamba na vyombo vilivyotumika kabla ya mashine, na katika jumba la Gekkeikan huko Fushimi utaweza kuonja maji ya kisima yanayotumika kupikia. Hapo uani utaelewa jambo ambalo filamu haiwezi kukueleza, kwamba maji ya Fushimi ni laini na sake yake huwa ya upole, ilhali maji ya Nada ni magumu, yenye madini yanayoichochea hamira, na pombe yake huwa kavu na yenye nguvu. Wajapani husema sake ya Nada ni mwanamume na ya Fushimi ni mwanamke, msemo ambao wapikaji wa kike, wanaoongezeka siku hizi, nadhani wanausikiliza kwa tabasamu la kubana meno.

Ukitaka kuona kazi ikifanyika, tafuta kiwanda kidogo kinachopokea watu wachache kwa miadi wakati wa baridi, na ukubali kwamba huenda ukaelezwa kwa Kijapani tupu. Kwa anayeanzia Tokyo, kiwanda cha Ozawa huko Ome, kilichoanzishwa mwaka 1702 kando ya mto Tama, huonesha wageni maghala na kisima chake, na treni hufika karibu.

Mimi na mume wangu tutakuwa Japani mwezi Februari na tumepata nafasi katika kiwanda kimoja. Tufanye nini na tusifanye nini?

Dada, mmechagua mwezi mzuri. Asubuhi ya siku hiyo msile natto, yaani soya zilizochachushwa zenye utando kama uzi, ambazo hoteli nyingi huziweka mezani wakati wa kifungua kinywa. Bakteria wa natto ni wagumu kufa, hushindana na kuvu ya koji, na wafanyakazi wenyewe hujinyima natto msimu mzima. Mkiulizwa mlangoni kama mmekula, si mzaha. Msijipake manukato pia, kwa sababu harufu ndiyo nusu ya kuonja. Vaeni soksi nzito, kwa maana mtavua viatu na sakafu ya kiwanda wakati huo ni barafu.

Kwenye meza ya kuonjea mtapewa kikombe cheupe chenye duara mbili za buluu chini yake. Si urembo: weupe huonesha rangi ya sake, na ukingo wa buluu huonesha kama ni angavu au ina ukungu. Kutema baada ya kuonja hakumuudhi mtu, maana wataalamu wote hutema, na chombo cha kutemea huwapo. Mkikaa na wenyeji kula, mume wako asijimiminie mwenyewe. Ammiminie jirani, naye jirani atammiminia.

Kuhusu gari, msiguse usukani hata baada ya funda moja. Sheria ya Japani humwadhibu dereva aliyekunywa, na inaweza kumwadhibu pia aliyempa kinywaji na abiria aliyekubali kupanda naye, na tangu Novemba 2024 waendesha baiskeli nao wamebanwa zaidi. Umri wa kunywa ni miaka 20, ingawa utu uzima kisheria sasa huanza miaka 18. Chukueni pasipoti zenu: tangu Oktoba 2017 viwanda vilivyoidhinishwa vinaweza kumuuzia mtalii wa kigeni pombe bila kodi ya vileo, mradi aitoe nchini bila kuifungua.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu na sinywi, lakini kazi yangu ni kuwaongoza watalii, na mwaka huu nimealikwa Higashi-Hiroshima pamoja na ujumbe wa miji rafiki. Ratiba imejaa viwanda vya sake. Nitakuwa nimekaa tu kama gogo?

Waalaykumu salaam. Suala la kuingia mahali panapopikwa pombe ni lako na mwalimu wako wa dini, nami siligusi. Nitajibu kama mtu wa safari.

Wilaya ya Saijo, iliyomo katika mji huo, ina viwanda saba vilivyokaribiana kiasi cha kutembelewa kwa miguu kutoka stesheni, vyenye mabomba marefu ya moshi ya matofali mekundu, na nje ya baadhi yake pana visima ambavyo wakazi hufika na chupa kuchota maji ya kunywa na kupikia chai. Hilo ni lako bila shaka yoyote. Pia ni mji wenye historia ya kukusisimua kama mwongozaji. Maji ya Hiroshima ni laini mno na hamira ilikuwa ikilegea ndani yake, hadi mwishoni mwa karne ya 19 Miura Senzaburo, mpikaji wa pwani ya karibu, alipobuni njia ya kuchachua polepole kwa baridi, na kutokana na njia hiyo ikakua sake yenye harufu ya matunda inayosifiwa leo duniani. Taasisi ya taifa ya utafiti wa pombe, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1904, ilihamishiwa hapo mwaka 1995. Mwongozaji anayeweza kueleza hayo mbele ya kisima ana faida kwa ujumbe wote kuliko mwenzake aliyekunywa vikombe kumi.

Wenyeji wako waandikie mapema, kabla hawajapanga viti, kwamba hunywi kwa sababu ya dini. Wajapani hawapendi kushtukizwa mbele ya wageni, lakini wakijua mapema watakuandalia kitu kwa uangalifu wa ajabu. Wakati wa kugonganisha vikombe, inua chai au maji na useme kanpai kama wengine, hakuna atakayechungulia.

Lipo jambo moja la kujihadhari. Utakaribishwa amazake, kinywaji kizito, kitamu, cheupe kama uji, na utaambiwa kwamba hakina pombe. Ziko aina mbili. Moja hutengenezwa kwa mchele na koji pekee, bila hamira, nayo kwa kawaida haina kileo. Nyingine hutengenezwa kwa kuyeyusha machicha yanayobaki baada ya sake kukamuliwa, nayo hubaki na kileo kidogo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Machicha hayohayo, yaitwayo sake kasu, huwekwa pia kwenye supu, kwenye samaki wa kuchoma na kwenye keki za dukani, na mirin imo katika michuzi mingi ya mikahawa, kwa hiyo swali lisiishie kwenye kikombe. Uliza hivi: *Kome-koji no amazake desu ka?* Ukijibiwa *hai*, ni ya koji. Ukisikia neno *kasu*, rudisha kikombe kwa mikono miwili na ushukuru.